Gundi ya Ukoo wa Hatazawa

Itangazwe kwa walio hai, kwa waliolala makaburini nyuma ya hekalu, na kwa nyenze wote wanaopiga kelele katika mji wa Sakanobe: ukoo wa Hatazawa, samurai wa daraja la kutosha kuvaa panga mbili na la kutotosha kula wali mweupe kila siku, walinzi wa Lango la Kaskazini-Magharibi la ngome tangu mwaka 1612, ulifika salama mikononi mwa mtu wake wa kumi na tatu, naye ni Hatazawa Toyoji, mtoto wa sita wa mpika konnyaku, ile keki ya kijivu ya viazi. Wenye panga wasimame. Sisi wengine tuendelee na chai yetu.

Huyo Toyoji ni baba yangu. Aliolewa mwaka 1952. Nimesema aliolewa, na mji mzima ulisema hivyo hivyo. Nyumba ya Hatazawa ilikuwa na binti mmoja tu, Sayo, ambaye baadaye alikuja kuwa mama yangu, na nyumba isiyo na mtoto wa kiume huchukua mkwe, ikamvua jina la kwao na kumvika jina lake, kama unavyombadilisha mtoto shati kabla wageni hawajafika. Baba akatoka mtaa wa chini wenye moshi na harufu ya viazi, akavuka daraja na begi moja na mto wake wa kulalia, akawa Hatazawa. Kwenye daftari la serikali alikuwa Hatazawa jioni ile ile. Kwenye daftari la bibi yangu, ngoja kwanza.

Daftari la bibi lilikuwa gombo. Lilikaa ghalani ndani ya sanduku la mbao nyepesi, ndani yake sanduku jingine, ndani yake kitambaa cha zambarau, na ndani ya kitambaa karatasi yenye urefu wa kuzunguka chumba, iliyoandikwa majina ya wakuu wote wa ukoo, kila jina na sifa zake. Baada ya jina la kumi na mbili, la babu yangu aliyekufa mapema, palibaki nafasi nyeupe. Nafasi hiyo baba aliitazama mara moja kwa mwaka, kwa miaka ishirini na saba.

Mara moja kwa mwaka kwa sababu gombo lilitoka siku ya kuanika tu. Siku hizi watu wananunua mashine ya kukausha hewa wanaiacha inanguruma kabatini, basi. Zamani zile, mvua za Juni zikikatika na joto la Julai likiingia kwa fujo, mtaa wetu wote wa juu ulifungua maghala siku moja. Kamba zilikwenda kutoka nguzo hadi nguzo. Kimono za mabibi wa mabibi zilining'inia barazani mikono wazi, kama wanawake wasio na vichwa wanaotaka kukumbatia mtu. Harufu ya kafuri ilifika hadi stesheni. Kila nyumba ilijifanya inafukuza nondo, na kila nyumba ilihakikisha kilicho cha thamani kinaonekana kutoka barabarani. Majirani walipita polepole kuliko kawaida, wakitazama mbele, macho yakiwa pembeni. Tikiti lilipoa kisimani. Nikisikia kafuri mahali popote, hata kwenye choo cha hoteli, natafuta kamba kwa macho.

Kwetu ilitoka deraya kwanza, vazi la vita la wahenga, ikakalishwa juu ya sanduku lake sebuleni kama mgeni aliyeambiwa asubiri kidogo karne tatu zilizopita. Kisha kofia ya chuma yenye pembe, mkuki usio na ncha, na mwishoni gombo. Bibi Shigeno aliketi mwisho wa chumba, mgongo umenyooka, akasoma majina kumi na mawili kwa sauti ile anayotumia mtu akisoma hukumu. Tuliinama kwa kila jina. Baba aliketi karibu na mlango, mahali pa wageni na mafundi.

Nieleze kidogo kuhusu hilo Lango la Kaskazini-Magharibi, maana bibi alilitaja kila siku. Lilitazama kinamasi. Kwa miaka mia mbili na hamsini hakuna adui aliyepita hapo, wala hakuna aliyejaribu, kwa kuwa angezama mpaka kiunoni kabla ya kuchomoa upanga. Walioingia ni vyura. Bibi alikuwa na maelezo yake. "Adui hakuthubutu," alisema, "kwa sababu alijua nani yuko langoni."

Na aliyekuwa langoni kuliko wote alikuwa mtu wa nne, Hatazawa Hanbei. Wengine kumi na mmoja walisomwa, Hanbei aliishi nasi. Ndiye aliyeandika kanuni za nyumba: nani aketi wapi, supu ya miso inywewe bila kuvutwa kwa sauti, mlango ufungwe kwa mikono miwili, maji ya kuoga yaingiwe kwa zamu gani. Kwenye gombo aliandikwa kuwa alitoka katika nyumba ya samurai wa jimbo jirani, watu wa farasi, akaingia kwa Hatazawa na kuinyanyua. Bibi, aliyezaliwa ndani ya nyumba ile, alikuwa wa damu yake moja kwa moja. Ukidondosha kijiti cha kulia, ulisikia kwamba Hanbei asingedondosha. Ukicheka na mdomo wazi, Hanbei alikuwa na meno lakini hakuna aliyewahi kuyaona. Siku moja baba aliuliza kwa upole kama Hanbei alikuwa akila konnyaku. Bibi akajibu kwamba Hanbei alikuwa akila alichopewa, bila kuongea. Baba akala alichopewa.

Sasa kosa la baba. Julai yake ya kwanza katika nyumba ile, mwaka huo huo wa 1952, bibi alimwambia atoe deraya aianike. Baba alifurahi, maana kuanika ni kazi aliyoijua tangu anatambaa. Kwao kiazi cha konnyaku hukatwa vipande, vikatungwa kwenye vijiti kama mishikaki, vikawekwa kwenye jua kali mpaka vikakauka vikalia ukivigonga. Kwao kuanika ni jua. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa watu wa mtaa wa juu kuanika ni kivuli na upepo, na kwamba jua ni kwa nguo za ndani na samaki. Akabeba deraya yote kwa mikono yake, akaiweka katikati ya ua, saa nne asubuhi, akaigeuza geuza kila baada ya nusu saa ili ishike pande zote.

Bibi alitoka kwenye maombi saa sita. Vanishi nyeusi ya kofia ilikuwa imevimba malengelenge kama mkate juu ya mkaa. Nyuzi za hariri zilizokuwa bluu tangu enzi za babu wa babu zilikuwa zimegeuka rangi ya maji ya kunawa. Baba alikuwa amechuchumaa kando, jasho linamtoka, akijipepea kwa kofia yake ya majani, ameridhika kabisa. Akamwambia mama mkwe wake kwamba upande wa kushoto bado kidogo.

Mama alikuwa akisimulia kuwa bibi hakupaza sauti. Alitazama kofia muda mrefu, akasema: "Mishale ilishindwa. Moto wa mwaka wa Simbamarara ulishindwa. Amekuja mtu mmoja wa konnyaku, asubuhi moja." Kisha akakunja gombo, ambalo alikuwa ameshaanza kulisagia wino ili aandike jina la kumi na tatu siku ile ile, akalirudisha kwenye kitambaa, kwenye sanduku, kwenye sanduku.

Hivyo ndivyo baba alivyokaa nje ya karatasi. Utasema karatasi ni karatasi. Lakini kwa hesabu ya bibi, asiyeandikwa kwenye gombo akifa hawekewi kibao chenye jina lake kwenye kabati la wahenga, na asiye na kibao haingii kaburi la Hatazawa. Na kaburi la kwao baba alishaliacha siku aliyovuka daraja. Mtoto aliyetolewa kwa nyumba nyingine harudishwi akiwa majivu. Kaka yake, Mjomba Kamezo, niliyekuwa nikimwita mjomba kwa sababu bibi hakutaka nimwite baba mkubwa, alilijua hilo. Alimtania kila asubuhi kwamba akifa watamweka posta, mpaka apatikane mwenye anuani. Baba alicheka. Lakini kila mwaka, gombo likifika kwenye ile nafasi nyeupe, nilimwona anaweka mikono juu ya magoti na kuinyoosha, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Kulikuwa na jambo jingine dogo la kila siku, nalo ni maji. Hanbei aliamuru mkuu wa nyumba aoge kwanza. Mkuu hakuwepo, au alikuwepo bila wino, kwa hiyo aliyeoga kwanza ni bibi, halafu mama, halafu mimi, damu kwa kufuatana, na baba mwisho. Pipa letu la kuogea lilikuwa la mbao, la zamani, na moto wake ulichochewa kwa nje, chini ya dirisha. Mchocheaji alikuwa baba. Alichuchumaa gizani na kuni zake, akiuliza kupitia dirisha, "Mama, moto unatosha?" Bibi akajibu kutoka ndani ya mvuke kwamba kidogo. Akaongeza kuni. Zamu yake ikifika, kuni zimekwisha, maji yamepoa, juu yanaelea unywele wangu na unywele wa mama, na hakuna mtu dirishani wa kuuliza kama moto unatosha. Sikumbuki amewahi kulalamika. Nakumbuka akiimba humo, vibaya, wimbo wa wakata viazi.

Mchana alifanya nini? Alfajiri alivuka daraja kwenda kwa Mjomba Kamezo, akasaga unga wa kiazi, akakoroga masufuria, akakata zile keki za kijivu zinazotikisika kama shavu la diwani, akauza sokoni, akarudi na fedha iliyolisha nyumba ya samurai. Bibi aliiita kazi hiyo "matembezi ya Toyoji". Wageni wakiuliza yuko wapi, aliwaambia ametoka kutembea. Ametembea miaka ishirini na saba, muda wa saa tisa kila siku, akarudi na mchele.

Mtaa ulimpenda na ulimtania, kama ilivyo. Bi Otaki, jirani yetu mwenye duka la tofu, alimsubiri kila Julai kwenye kona.

"Shemeji Toyoji, mwaka huu wamekuandika?"

"Bado wanatafuta brashi."

"Nikuazime ya kusafishia vyungu?"

"Ngoja, nikikata tamaa nitakuja."

Tukafika Julai ya mwaka 1979. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimerudi kutoka chuo kikuu cha mji mkubwa, ambako mimi na chuo tulikubaliana bila ugomvi kwamba hatufaani. Bibi alikuwa na themanini na moja na mikono yake imeanza kutetemeka. Mvua za mwaka ule zilikuwa nzito na kigae kimoja cha ghala kilikuwa kimeteleza. Bibi alipofungua masanduku yake mawili na kitambaa, gombo halikufunguka, lilimwagika. Karatasi ya nyuma ilikuwa imeachana na ya mbele, viungo vyote vimebanduka, gundi imegeuka uji unaonuka, na wadudu wa karatasi, wale wa rangi ya fedha, wakikimbia kutoka kwa mtu wa saba kwenda kwa mtu wa tisa.

Nyenze nje waliendelea kupiga kelele bila aibu. Mama alisema kuna fundi wa magombo mjini Kyoto, mzuri sana, tumpelekee. Bibi akasema hapana. Mama akasema basi tumwite aje. Bibi akasema hakuna mtu wa nje atakayefungua viungo vya gombo hili akiwa yeye hai, na alisema kwa ukali ambao wakati ule sikuuelewa. Nilidhani ni fahari tu, ya kawaida, tuliyokuwa nayo ghala zima.

Hapo ndipo mama, ambaye alikuwa mtu wa kusema sentensi moja kwa wiki, akasema yake ya wiki ile: unga wa konnyaku ni gundi. Wakati wa vita jeshi lilichukua unga wote wa mtaa wa chini kubandikia karatasi za maputo yake ya kubebea mabomu, na Toyoji, kijana wa miaka kumi na minane, alibandika karatasi mwaka mzima mpaka vidole vikashikana.

Bibi alimtazama baba kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu lile tukio la kofia. Nikawa nasubiri aseme neno la konnyaku.

"Bandika," alimwambia. "Usisome."

"Sawa, Mama."

Tulifanya kazi ile chumba cha nyuma, upande wa kaskazini, kivulini. Baba alikuwa amejifunza mambo ya kivuli. Alikwenda kwa Mjomba Kamezo akarudi na unga mweupe laini kuliko wa sokoni, akaukoroga katika maji baridi kwa nusu siku, taratibu, mpaka ukawa kama ute wa yai. Sikuwahi kumwona baba namna ile. Nyumbani alitembea kama mtu anayeogopa kugusa vyombo. Pale mikono yake haikuuliza mtu. Alilowanisha karatasi kwa brashi pana, akaondoa gundi mbovu kwa ukucha, akalaza karatasi mpya, akapitisha brashi kavu mara moja, na hapakuwa na kiputo hata kimoja. Macho yake aliyaweka pembeni ya maandishi, kwenye kingo tu, kama mtu anayepita mbele ya bafu la wanawake.

Tulifika kwa mtu wa nne. Baba akalowanisha, na palepale kipande cha karatasi chenye upana wa vidole viwili, kilichokuwa juu ya maelezo ya Hanbei, kikainuka chenyewe kikamshika baba kwenye kidole gumba. Chini yake kulikuwa na maandishi mengine, ya kale zaidi.

Baba aligeuza uso kuelekea bustanini.

"Nimeambiwa nisisome," alisema. "Wewe hujaambiwa."

Basi nikasoma. Kipande cha juu kilikuwa na yale tuliyoyainamia maisha yote: mtoto wa nyumba ya samurai wa jimbo jirani, watu wa farasi. Chini yake, kwa mwandiko wa kuhani wa hekalu, wa miaka mia tatu nyuma, mwandiko wa mtu asiye na sababu ya kudanganya, paliandikwa hivi: Hanbei, mtoto wa Yosuke, fundi mapipa, mtaa wa chini, kando ya mto. Mkwe aliyeingia.

Nilicheka mpaka nikauma mkono wa yukata yangu, kimono ya kiangazi. Fundi mapipa! Hanbei wa meno yasiyoonekana alizaliwa mitaa miwili kutoka kwenye masufuria ya Mjomba Kamezo. Kisha nikakitazama tena kile kipande kilichokuwa kwenye kidole gumba cha baba, na kicheko kikakatika. Karatasi ile haikuwa ya kale. Na mwandiko niliufahamu. Ile herufi inayomalizika na mkia uliovutwa juu, kama paka aliyekasirika, niliiona kila asubuhi kwenye orodha ya sokoni: figili, tofu, mafuta ya taa. Ulikuwa mkono wa bibi, wa ujanani labda, usiotetemeka, lakini wake.

Nikamwambia baba vyote viwili. Nikamwambia pia tufanye nini. Siku ya kesho kutwa familia ikiketi, asome yeye, kwa sauti, kuanzia mtu wa nne. Amekula miaka ishirini na saba ya maji baridi kwa ajili ya damu ya fundi mapipa. Nilimwambia hiki kipande ni silaha kuliko deraya yote iliyoko sebuleni, na hiki hakiharibiki juani.

Baba alikuwa bado anatazama bustani. Kengele ya upepo ililia mara moja, ikaacha.

"Alikuwa na umri gani, unadhani, alipobandika?"

Nikasema pengine ishirini. Pengine wakati baba yake alipokufa, na wachumba wakaanza kuja kukagua nyumba.

"Peke yake ghalani," baba alisema. "Na gundi ya ngano. Haishiki ile." Akakitazama kipande kwa mara ya kwanza, akikigeuza kwenye mwanga, upande wa nyuma, usio na maandishi. "Na alikipinda. Haraka."

"Baba, jina lako."

"Sasa nikimtoa huyu mtu wa nne, bibi yako huyu atasimama juu ya nini? Ana miaka themanini na moja." Alinyoosha mkono. "Nipe brashi."

Akakibandika. Juu ya fundi mapipa, mahali pale pale, lakini safari hii kimenyooka, kingo kwa kingo, kwa gundi ya konnyaku ambayo jeshi zima lilishindwa kuibandua. Akapuliza kidogo. Halafu akaendelea na mtu wa tano.

Nyumba ile haipo sasa. Pana maegesho ya magari, na ghala limekuwa mahali pa mashine ya kuuza soda. Lango la Kaskazini-Magharibi limejengwa upya kwa saruji na lina bango la watalii, ambalo kwa bahati nzuri halisemi lolote kuhusu vyura. Kinamasi ni uwanja wa besiboli. Mtaa wa juu hauaniki tena. Bi Otaki amefariki, mama amefariki, Mjomba Kamezo amefariki na masufuria yake. Baba mwenyewe tulimzika mwaka 1998, na sitasema wapi, kwa kuwa utaona mwenyewe. Julai ikifika natoa gombo, naliweka kivulini, na kila mwaka viungo vya zamani vinalegea hapa na pale isipokuwa vile alivyovigusa yeye. Mtu wa nne hatikisiki. Hata ukimpiga kwa ngumi.

Lakini siku ile, baada ya siku mbili za kukausha, baba alimpelekea bibi gombo mikononi, akaliweka mbele yake juu ya mkeka, akarudi kwenye nafasi yake karibu na mlango. Ilikuwa alasiri, jua limeanza kulegea. Alishawasha kuni za kuogea kabla ya kuingia, na harufu ya moshi ilikuwa imefika sebuleni. Mama aliketi kulia kwangu. Deraya ilitutazama na kofia yake yenye malengelenge.

Bibi alilifungua taratibu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa mtu wa nne alisimama. Alipitisha kidole juu ya kile kipande, kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudia. Kidole kikatulia pembeni, kwenye ukingo.

"Hapa palikuwa pamepinda," alisema.

Mimi nilitazama magoti yangu kwa bidii.

"Umesoma?"

"Sijasoma, Mama."

"Umeona nini humo ndani?"

"Gundi," baba alisema. "Ilikuwa imeoza. Nimeweka yetu."

Alisema "yetu", na sikujua alimaanisha ya nyumba ipi, ya juu au ya chini, na nadhani bibi pia hakujua, au alijua. Nilimwona mdomo wake unachezacheza kama mtu anayetafuta jino. Kisha akaniambia nilete jiwe la wino.

Alisaga mwenyewe. Kwa mikono ile ilichukua muda, na wino ukamrukia mkononi, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kwenye ile nafasi nyeupe, baada ya jina la babu, aliandika: Toyoji. Chini yake, mahali pa kueleza mtu ametoka wapi, alishika brashi hewani muda mrefu mpaka nikadhani atatafuta watu wa farasi. Akaandika: mtoto wa mpika konnyaku, mtaa wa chini, kando ya mto. Mkwe aliyeingia. Herufi ziliyumba, mkia wa ile moja ukapanda juu kama paka aliyezeeka lakini bado ana hasira.

Mama alikuwa analia bila sauti, kazi aliyoimudu vizuri. Bibi aliweka brashi chini, akanyoosha mgongo, akavuta pumzi, na akatoa ile sauti ya hukumu.

"Leo, mbele ya watu kumi na wawili waliotangulia, nyumba ya Hatazawa, walinzi wa Lango la Kaskazini-Magharibi, inamtambua mtu wake wa kumi na tatu, Hatazawa Toyoji. Ataketi mahali pa Hanbei. Kibao chake kitawekwa kabatini pamoja na vyao, na mifupa yake italala pamoja na yao. Na kama Hanbei alivyoamuru, kuanzia leo maji ya nyumba hii ataingia yeye kwanza."

Aliinama. Bibi yangu, mbele ya mtoto wa mpika konnyaku, paji la uso hadi kwenye mkeka. Sote tukainama. Nilipoinua macho, baba alikuwa bado yuko karibu na mlango, mikono juu ya magoti, imenyooka, anatazama wino ambao haujakauka. Akageuza kichwa kidogo upande wa ua, ulikotoka moshi.

"Nimesikia, Mama," alisema. "Sasa kuni atachochea nani?"